Aliyekufa Jumamosi

Kila mwaka ifikapo tarehe mosi Mei, wakati wafanyakazi wanapoandamana na mabango yao, wapenzi wa mbio za magari ulimwenguni huwa na kumbukumbu yao nyingine. Humkumbuka Ayrton Senna, dereva wa Brazil aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1994 katika uwanja wa Imola, nchini Italia. Na kila mwaka, wale wanaojua kwamba wakati huo nilikuwa mwanafunzi mjini Bologna huniuliza swali lile lile: "Je, ulikuwepo?" Nami hujibu kwamba siku ile sikuwepo, ila nilikuwapo uwanjani hapo jana yake. Basi hutikisa kichwa na kusema, "Kumbe uliukosa msiba ule kwa siku moja tu!"

Maneno hayo nimeyasikia kwa zaidi ya miaka 30 sasa. Leo, kwa ruhusa yenu, nataka kuyajibu.

Tuanze na mahali penyewe. Imola ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, kiasi cha kilomita 35 kutoka Bologna. Mashindano ya langalanga yaliyokuwa yakifanyika hapo yaliitwa mashindano ya San Marino, kwa jina la nchi ndogo iliyo jirani. Sisi wa Afrika Mashariki tuliozoea Safari Rally tunajua mbio za magari kwa namna yetu: unakaa kando ya barabara ya vumbi tangu alfajiri, gari linakupita mara moja kama upepo, na habari zake nyingine unazipata redioni. Langalanga si hivyo. Magari huzunguka njia moja iliyozungushiwa uzio, na kila gari hurudi mbele yako baada ya muda mfupi. Pale Imola mwaka ule mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 5 na mita 40, na gari lenye kasi liliumaliza kwa dakika moja na sekunde ishirini na kitu. Kwa hiyo mtazamaji huzoea kuhesabu kwa masikio. Gari likichelewa kurudi, unajua kuna jambo.

Katika uwanja huo palikuwa na kona moja ya kushoto iliyoitwa Tamburello. Magari yalikuwa yakiipita bila ya kupunguza mwendo, zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na kando yake palikuwa na ukuta wa saruji. Mwaka 1987 Nelson Piquet wa Brazil aligonga hapo akaumia. Mwaka 1989 Gerhard Berger wa Austria aligonga ukuta huo huo, gari likalipuka moto, na wazimaji wakamwokoa kwa muda wa sekunde chache tu. Baadaye Berger alisimulia kwamba yeye na Senna waliwahi kwenda kwa miguu kuutazama ukuta ule, wakiwa na nia ya kutaka usogezwe. Walipochungulia nyuma yake waliuona mto Santerno unapita. Wakaona kwamba haukuwa na pa kusogezwa, wakarudi zao.

Kumbuka pia, ndugu msikilizaji, kwamba ilikuwa imepita miaka 12 bila ya dereva kufa katika mashindano ya langalanga. Wa mwisho alikuwa kijana wa Kiitaliano, Riccardo Paletti, aliyefariki nchini Kanada mwaka 1982. Mwaka 1986 Elio de Angelis alikufa pia, lakini huyo alikuwa katika majaribio, si katika mashindano. Miaka 12 ni mingi. Watu walianza kuamini kwamba magari yale mapya, yaliyoundwa kwa nyuzi za kaboni, hayaui tena.

Imani hiyo ilitikiswa siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994. Rubens Barrichello, kijana wa Brazil, alikanyaga ukingo wa kona kwa mwendo wa kilomita 225 kwa saa, gari likaruka hewani na kugonga tairi na uzio, kisha likabiringika. Alizimia. Alipozinduka katika zahanati ya uwanjani, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Senna. Barrichello alitoka na pua iliyovunjika na mkono uliofungwa, na kesho yake alikuwa mzima wa kutembea. Wengi walisema, "Mnaona? Magari ya siku hizi hayaui."

Sasa nakuja kwenye Jumamosi yangu.

Jirani yangu pale Bologna alikuwa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, aliyependa magari kama wazee wa kwetu wanavyopenda bao. Alikuwa na tiketi mbili za kukaa mlimani, kwenye majani, juu ya kona iitwayo Rivazza. Tiketi za Jumamosi na Jumapili. Mwanawe alipata dharura, akaniita mimi. Tulipanda garimoshi asubuhi na mapema, tukiwa na mkate, jibini na redio yake ndogo ya betri. Mlima ulikuwa umejaa familia nzima nzima, watoto kwa wazee, na bendera nyekundu za Ferrari zilikuwa nyingi kuliko za taifa.

Siku ya Jumamosi madereva hawashindani kwa pamoja. Kila mmoja hutafuta muda wake bora ili apangiwe nafasi ya kuanzia kesho yake. Kazi hiyo ilianza saa saba mchana. Zilipita kama dakika ishirini hivi, magari yakienda na kurudi, na mimi nikijifunza kutambua rangi zake. Kisha sauti zikaanza kupungua. Gari moja lilipita pole pole, na la pili nalo likapita pole pole, halafu pakawa kimya. Watu wote mlimani walisimama. Kutoka tulipokaa hatukuweza kuona kilichotokea, kwani kilitokea upande wa pili wa uwanja. Mzee aliiweka redio sikioni, akanyamaza muda mrefu. Kisha akalitaja jina ambalo mimi sikuwa nimelisikia kabla ya hapo: Ratzenberger.

Naomba niwaeleze mtu huyu alikuwa nani, maana ndiye hasa ninayemzungumzia leo. Roland Ratzenberger alizaliwa mjini Salzburg, Austria, tarehe 4 Julai 1960. Hakuwa mtoto wa bahati. Kwa miaka mingi alihangaika katika mbio za daraja la chini Ulaya na Japan. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa madereva wa Toyota walioshika nafasi ya tano katika mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 33, umri ambao katika langalanga wengine wanafikiria kustaafu, ndipo alipopata nafasi katika timu ndogo na changa iitwayo Simtek. Mkataba wenyewe ulikuwa wa mbio tano tu. Brazil alishindwa kupata nafasi ya kuanza. Huko Aida, Japan, alimaliza wa 11. Imola ilikuwa ya tatu.

Katika mzunguko wa kabla ya ajali alitoka kidogo nje ya njia, na bawa la mbele la gari lake likapata hitilafu. Bawa hilo ndilo linalolikandamiza gari chini ili lishike barabara. Hakuingia kupumzika wala kukaguliwa. Aliendelea, kwa sababu alikuwa anapigania nafasi ya kuanza. Kwenye sehemu iliyonyooka bawa likakatika, na gari likaenda moja kwa moja ukutani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 310 kwa saa. Shingo na kitako cha fuvu havikustahimili kishindo kile. Alipelekwa kwa helikopta hadi Hospitali ya Maggiore mjini Bologna, na huko ikatangazwa kwamba amefariki.

Senna alipoona picha za ajali ile katika televisheni za gereji, alichukua gari la maofisa akaenda kupaona mahali penyewe kwa macho yake. Kwa kitendo hicho aliitwa na wasimamizi ajieleze. Siku hiyo hakurudi tena barabarani. Daktari mkuu wa langalanga, Profesa Sid Watkins wa Uingereza, aliyekuwa rafiki yake, ameandika kwamba alimwona Senna analia, akamshauri aache mbio waende zao kuvua samaki. Senna alimjibu kwamba yapo mambo ambayo mtu hana mamlaka juu yake, na kwamba yeye hawezi kuacha.

Kule mlimani, baada ya muda, mazoezi yaliendelea. Magari yalianza tena kunguruma, ingawa timu kadhaa hazikutoka. Watu wengine walikaa chini wakafungua mikate yao. Habari ya kifo ilipotufikia redioni, Mzee alizima redio, akakunja blanketi, akasema, "Mtu amekufa hapa. Kesho sirudi." Akazitia tiketi za Jumapili mfukoni mwa koti, asizitoe tena. Hakuzipiga bei wala hakumpa mtu.

Mimi sikubishana naye. Kwetu nako mambo ni hayo hayo: ukitokea msiba katika nyumba ya jirani, ngoma hunyamaza hata kama ilikuwa imekwisha wambwa. Lakini nilistaajabu kidogo, kwa kuwa mzee huyu hakuwa hata shabiki wa timu ile. Kwake, marehemu alikuwa ni marehemu tu.

Tuliporudi Bologna jioni, basi letu lilipita mbele ya Hospitali ya Maggiore. Niliangalia langoni. Walikuwapo waandishi wachache, na muuza maua alikuwa anafunga kibanda chake. Hapakuwa na umati wowote.

Sasa ije Jumapili, ambayo wanaoniuliza wanaiita siku ya msiba. Asubuhi madereva walikutana, wakasimama kimya dakika moja kwa ajili ya mwenzao. Senna alizungumza na baadhi yao juu ya kukifufua chama cha madereva ili wawe na sauti moja katika mambo ya usalama. Saa nane mchana mbio zikaanza. Gari la JJ Lehto wa Finland lilizimika palepale pa kuanzia, na Pedro Lamy wa Ureno akalivaa kwa nyuma. Gurudumu na vipande vya vyuma viliruka juu ya uzio na kujeruhi watazamaji. Mbio hazikusimamishwa. Magari yalitembezwa pole pole nyuma ya gari la usalama hadi mzunguko wa tano, kisha yakaachiwa. Katika mzunguko wa saba, saa nane na dakika 17, gari la Senna lilikwenda moja kwa moja pale Tamburello badala ya kupinda, likagonga ukuta ule ule. Gurudumu la mbele lilirudi likampiga kichwani, na chuma kikapenya kofia yake.

Hata hivyo mbio ziliendelea tena baadaye, na Michael Schumacher wa Ujerumani akashinda. Kabla ya kumalizika, gurudumu la gari la Michele Alboreto lilichomoka mbele ya gereji na kujeruhi mafundi waliokuwa kazini.

Nyumbani kwa Mzee televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa, nasi tulikuwa tunacheza karata. Niliisikia helikopta kabla ya kuisikia habari. Ilipita chini sana juu ya mapaa kuelekea Maggiore, na dirisha la jirani likafunguka, mwanamke akapiga kelele akilitaja jina la Senna. Tulishuka. Njia ya kwenda hospitali ilikuwa tayari imejaa watu. Wengine wamekuja na kandambili, wengine na watoto begani, wengine wanapiga ishara ya msalaba. Tulisimama hapo hadi saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, madaktari walipotangaza kwamba amefariki. Watu wazima walilia kama watoto. Lango lilikuwa ni lile lile la jana.

Usiku ule nilifungua redio yangu ya masafa mafupi kutafuta habari za nyumbani kwa Kiswahili. Ndipo niliposikia habari za Rusumo. Siku zile zile, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la mto Kagera kutoka Rwanda, kuingia Ngara nchini Tanzania, katika muda wa saa 24 hivi, na mto huo ulikuwa unabeba maiti. Sisemi hayo ili kupima machozi ya mtu kwa mizani. Aliyemlilia Senna alimlilia kwa haki. Nasema tu kwamba usiku ule nilielewa kuwa kifo kinachoonekana na macho ya ulimwengu huitwa msiba, na kile kisichoonekana huitwa habari.

Turudi kwenye langalanga. Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo. Senna alizikwa São Paulo tarehe 5 Mei, na watu wasiohesabika walijipanga barabarani. Madereva wakubwa walilibeba jeneza lake, miongoni mwao Alain Prost, hasimu wake wa miaka mingi. Tarehe 7 Mei, Ratzenberger alizikwa Salzburg. Huko walikwenda wachache. Berger alihudhuria mazishi yote mawili. Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho la mbio za magari ulimwenguni, alikwenda Salzburg badala ya Brazil, na baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo kwa sababu wengine wote walikuwa wamekwenda kwa Senna.

Hebu fikiri: watu hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1960. Walikufa katika uwanja mmoja, katika muda wa saa 25 hivi, na kufikishwa hospitali moja. Mmoja alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, mshindi wa mashindano 41. Mwingine alikuwa amemaliza mashindano moja tu, akiwa wa 11. Lakini ndani ya gari la Senna, baada ya ajali, ilikutwa bendera ya Austria imekunjwa. Inaaminika kwamba alikusudia kuipeperusha kama angeshinda, kwa heshima ya Ratzenberger. Yeye aliyekuwa mkubwa kuliko wote hakumsahau mdogo.

Wapo wasemao ajali haina kinga. Mimi nasema methali hiyo ina mwenzake: tahadhari kabla ya hatari. Baada ya Imola chama cha madereva kilifufuliwa mwezi ule ule wa Mei, na Profesa Watkins akakabidhiwa kamati ya wataalamu wa usalama. Kona ya Tamburello, ambayo ilisemekana haina la kufanywa kwa ajili ya mto, ilibadilishwa kufikia mwaka 1995. Ukuta haukusogezwa, bali njia yenyewe ilipindishwa ili magari yapunguze mwendo. Nguvu za injini zilipunguzwa. Kingo za pembeni mwa kichwa cha dereva ziliinuliwa.

Na kipo kifaa kimoja ambacho napenda mkijue. Ni kola ngumu inayovaliwa mabegani na kufungwa kwenye kofia kwa mikanda, ili kichwa kisitupwe mbele gari linapogonga. Kinaitwa HANS. Mwanzo wake ni Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Robert Hubbard. Maana yake ni kwamba mwaka 1994 kifaa kilikuwepo duniani, ila langalanga haikuwa inakitumia. Kililazimishwa mwaka 2003. Kinazuia hasa jeraha la namna ile iliyomuua Ratzenberger. Kwa hiyo kila dereva anapojifunga kola ile leo, anajifunga somo la Jumamosi.

Tangu Imola hadi mwaka 2014 hakuna dereva aliyepata ajali ya kumuua katika mashindano ya langalanga. Mwaka huo Jules Bianchi wa Ufaransa aliumia vibaya kule Suzuka, Japan, akafariki mwaka 2015. Mwaka 2018 ukaongezwa upinde wa chuma juu ya kichwa cha dereva. Mwaka 2020, kule Bahrain, Romain Grosjean alipenya uzio wa chuma, gari likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Alitoka mwenyewe kwa miguu yake, mikono tu ikiwa imeungua.

Basi jibu langu kwa wanaoniuliza ni hili. Msiba wa Imola sikuukosa. Uliingia uwanjani Ijumaa kwa kubisha hodi, ukaua Jumamosi, ukajeruhi watazamaji saa nane Jumapili, na bado watu wakauita mwanzo wake saa nane na dakika 17. Mimi nilikuwapo ulipoua mara ya kwanza. Kilichokosekana ni watu wa kuuhesabu. Kama kifo cha mtu mdogo kingepewa uzito alioupa mzee mmoja mwenye tiketi mfukoni, huenda Jumapili ile isingekuwa na mbio kabisa.

Nasi huku kwetu tunayo mambo yetu ya Ijumaa na Jumamosi: basi lililonusurika kupinduka, mvuvi asiye na jina aliyezama na ngalawa mbovu, ukuta wa shule ulioanguka usiku watoto wakiwa wamelala majumbani. Tusisubiri afe mtu mashuhuri ndipo tuanze kuukagua ukuta. Kaburi la Roland Ratzenberger lipo Salzburg. Safari nyingine mtakapomtaja Senna, mtajeni na yeye.